Shida si Linux, ni Kioo Ulichouziwa

Tangu huduma ya kawaida ya Windows 10 ikatike tarehe 14 Oktoba 2025, wasee wengi wenye laptopu za zamani wamehamia Linux Mint. Kwani wangefanya nini? Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa ambayo mashine ya 2012 haiwezi kuwa nayo. Wakahama, mashine ikarudi kuwa nyepesi, halafu baada ya wiki moja malalamiko yakaanza: rangi zimefifia, maandishi yanaumiza macho, video inakaa ni kama imemwagiwa maziwa. Na hakosi mjuaji wa kuwajibu kwamba hiyo ndiyo Linux, jipange ununue mashine mpya.

Huo ni uongo, na ni uongo wa kukutoa doo mfukoni. Mara nyingi kioo hicho kilikuwa kibaya hata siku uliponunua laptopu. Hukukiangalia kwa sababu hakuna aliyekwambia ukiangalie.

Pita Moi Avenue ama Luthuli, au soma tangazo lolote la laptopu za mtumba kutoka Uingereza. Utaona nini? Core i5, RAM 8GB, SSD 256GB, betri inakaa na chaji, tunaleta hadi mlangoni. Kioo je? "Inchi 14." Basi. Ni kama kuuziwa shamba ukiambiwa ekari tu, na hujui kama ni udongo ama ni mwamba.

Chukua ThinkPad X230, mashine ambayo nusu ya watoto wa kampasi wameitumia ama wana rafiki aliyeitumia. Ilitoka 2012. Kiwandani iliwekwa kioo cha aina mbili tofauti, TN na IPS, vyote inchi 12.5, vyote pikseli 1366 kwa 768. Jina ni moja na prosesa inaweza kuwa ileile. Dukani zinakaa kwa meza moja na bei ni moja. Lakini ya TN ukiitazama kutoka chini rangi zinageuka, nyeusi inang'aa na sura ya mtu inakuwa kama negativu ya picha. Ya IPS unaizungusha utakavyo na rangi inabaki palepale. Muuzaji anajua tofauti hiyo? Wengine wanajua. Wengine watakuambia "kioo ni kioo, bro." Hao ndio wananimaliza kabisa.

Paneli nyingi za TN za wakati huo zinaonyesha viwango 64 tu kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na bluu. Hiyo ni rangi 262,144, wakati picha unayohariri imebeba zaidi ya milioni 16. Pengo hilo kioo kinaliziba kwa ujanja, kinapepesa pikseli ili jicho lidhani limeona rangi ya katikati. Sasa fikiria mtu anayetafuta riziki kwa kutengeneza poster. Amepanga rangi ya zambarau ya harusi kwa kioo kama hicho, akatuma, ikachapishwa. Asubuhi mteja yuko WhatsApp akiuliza mbona kadi zimetoka kama za matanga. Pesa hailipwi. Ama fikiria yule anayeandika maneno ya sauti za Wazungu mtandaoni saa nane kwa siku, anasoma herufi zilizochakaa mpaka kichwa kinampiga. Hao hawahitaji hotuba kuhusu RAM.

Sasa nirudi kwa Linux, maana si kila lawama ni ya bure. Kuna kipindi maandishi ya Linux yalikuwa mabaya kweli, na sababu kubwa ilikuwa ya kisheria. FreeType, programu inayochora herufi kwenye Linux, ilizima kwa chaguo-msingi baadhi ya mbinu zake kwa kuogopa hataza. Apple ilikuwa na hataza za kunyoosha herufi za TrueType, zikaisha 2010. Microsoft ilikuwa na zake za ClearType, ile mbinu ya kutumia vipande vya rangi ndani ya pikseli moja ili herufi iwe laini, nazo zikaisha 2019. Kwa hivyo mtu anayekuambia leo "fonti za Linux ni mbaya" anakusomea gazeti la zamani. Ingia kwenye mipangilio ya fonti ya Mint, weka Hinting iwe Slight na Antialiasing iwe Rgba. Ukubwa wa maandishi upandishe kutoka 1.0 hadi 1.1. Hiyo ni dakika moja. Kwa kioo cha 1366 kwa 768, hakuna kitu cha bure kitakachokusaidia kuliko hicho.

Kitu cha pili kinachosingiziwa Linux ni monita ya nje. Umepata monita ya mtumba, umechomeka HDMI, nyeusi imekuwa kijivu. Grafiki za Intel zikiona pikseli 1920 kwa 1080 kwa HDMI mara nyingi hudhani zimeunganishwa na TV, zinatuma nyeusi kama 16 badala ya 0 na nyeupe kama 235 badala ya 255. TV nyingi zinategemea hivyo. Monita yako haitegemei. Fungua temino uandike:

xrandr --output HDMI-1 --set "Broadcast RGB" "Full"

Jina la HDMI-1 linaweza kuwa tofauti kwako, andika xrandr peke yake uone. Ukizima mashine inasahau, kwa hivyo iweke kwenye programu zinazoanza zenyewe. Nimeona watu wakipeleka monita kwa fundi kwa shida hii, manze, na fundi anapokea pesa.

Unaweza pia kuchezea gama kwa xrandr hiyohiyo, na kuweka profaili ya rangi ya paneli yako. Profaili inaheshimiwa na GIMP, Krita na Firefox. Programu nyingine nyingi zinaipita kama matatu inavyopita mtu asiye na nauli. Na profaili uliyokopa kwa mtu mwingine ni makisio tu, kwa sababu paneli mbili za jina moja huzeeka tofauti.

Hapo programu zinafika mwisho. Kioo cha TN hakitakuwa IPS kwa sababu umeandika amri kwa temino, na hapa ndipo nagombana na wazee wa Linux. Kijana anauliza kuhusu rangi, anajibiwa kwamba mtumiaji wa kweli anaishi kwenye temino nyeusi na hahitaji rangi. Kwani Linux ni ya watu wasiofanya kazi ya picha? Blender na Krita zilitengenezewa nani? Ukitaka vijana wabaki, waambie ukweli: kuna sehemu ya shida hii inayotatuliwa kwa bisibisi.

Na bisibisi yenyewe haiogopeshi. Kwa X230 unatafuta paneli ya IPS ya inchi 12.5, mfano ile ya LP125WH2-SLB1, inaingia pale TN ilipotoka. Usijaribu kuipeleka 1920 kwa 1080 bila kujua unachofanya. Mashine hiyo inatumia kiunganishi cha zamani cha LVDS na utahitaji bodi ya ziada. X240 na T440p ni rahisi zaidi: zinatumia eDP ya pini 30, na paneli za IPS za 1920 kwa 1080 za ukubwa wao zinachomekwa moja kwa moja. Toa betri kabla ya kugusa chochote. X240 ina betri nyingine ndani, hiyo unaizima kwenye BIOS kwanza. Ukiwasha, Linux inasoma maelezo ya kioo kipya yenyewe, hakuna drayva ya kutafuta. Maandishi yatakuwa madogo, yapandishe hadi 1.25 hivi.

Gharama? Linganisha bei ya paneli ya mtumba na ya laptopu mpya unayoambiwa ulipe mdogomdogo kwa mwaka mzima, halafu uniambie nani anakupenda. Na ile laptopu ya zamani unayoambiwa utupe, unadhani inaenda wapi? Dandora haiko sayari nyingine.

Lakini njia rahisi kuliko zote ni kutouziwa kioo kibaya mwanzoni. Beba Linux Mint kwa flashi. Ukifika dukani mwambie muuzaji kwa heshima kwamba unataka kuwasha mashine kwa flashi yako, haigusi chochote kwenye SSD. Ikishawaka, andika hii:

cat /sys/class/drm/*/edid | strings

Mara nyingi utaona jina la paneli hapo, ulitafute kwa simu ukiwa umesimama pale pale. Hata kama huna flashi, fungua picha nyeusi ijaze kioo chote, kisha lalisha mfuniko nyuma taratibu. Nyeusi ikigeuka, umeshajua, na bei ianze kushuka hapo.

Muuzaji akikataa, toka. Duka la pili liko hatua kumi kutoka hapo. Na nyinyi mnaouza, najua mnasoma: kuanzia tangazo la kesho, baada ya RAM na SSD ongezeni neno moja tu, TN ama IPS. Herufi mbili au tatu, hazitawamalizia bando.