Sisi wa Mlimani na Mawe ya Chini ya Bahari

Naomba nianze na swali. Ile sakafu ya bahari, kule mbali ambako hakuna nchi inayoweza kusema "hapa ni kwetu", ni mali ya nani?

Kama ulidhani ni mali ya yeyote mwenye meli kubwa, hauko peke yako. Kuna wakubwa wenye suti zao wanaofikiri hivyo hivyo. Lakini sheria inasema vingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia 1985, unasema sakafu hiyo na madini yake ni urithi wa pamoja wa wanadamu wote. Wote maana yake wote. Mama anayeuza ndizi sokoni Tengeru ana hisa yake. Mimi niliyekaa hapa Akheri, ambaye nikitaka kuiona bahari lazima nipande basi la asubuhi kwenda Tanga, nina hisa. Wewe pia unayo.

Sasa kuna watu wanataka kuzichukua hisa hizo, na wenyewe hatuna habari.

Mambo yako hivi. Katika Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, kuna eneo kubwa sana liitwalo Clarion-Clipperton. Kina chake ni kati ya mita 4,000 na 5,500 hivi. Mlima Meru una mita 4,566. Uuzamishe pale, na sehemu nyingi hata kilele hutakiona. Huko chini, kwenye giza totoro, yametapakaa mawe meusi yenye ukubwa wa viazi mviringo. Ndani yake mna nikeli, kobalti, shaba na manganizi. Jiwe la namna hiyo hukua milimita chache tu katika miaka milioni. Makampuni yanataka kushusha mashine kama matrekta, zizoe mawe pamoja na tope la juu, zipandishe vyote kwa bomba hadi melini, kisha maji yenye tope yarudishwe baharini.

Usije ukadhani huko ni jangwa. Mwaka 2023 watafiti wakiwemo wa Makumbusho ya Historia Asilia ya London walitoa hesabu yao ya aina za viumbe wa eneo hilo: 5,578. Takribani tisa katika kila kumi hazijapewa hata jina la kisayansi. Viumbe wengi hujishikiza kwenye hayo mawe, kwa hiyo ukizoa jiwe umezoa nyumba ya mtu. Mwaka 1979 mashine ya majaribio ilipitishwa pale chini. Watafiti waliporudi miaka 44 baadaye, alama za njia yake walizikuta. Baadhi ya viumbe wadogo walikuwa wamerudi, lakini wale wakubwa wanaokaa mahali pamoja walikuwa bado haba. Miaka 44! Wengi wetu tunaosoma hapa hatujaifikisha.

Haya, utasema Pasifiki ni mbali. Njoo basi kwenye Bahari ya Hindi, hii yetu. Huko mbali upande wa kusini-mashariki mwa Madagaska na Mauritius kuna chemchemi za moto chini ya bahari. Siyo Chemka ile ya kwenda kuogelea Jumapili. Maji ya huko hutoka yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 300. Pembeni mwake anaishi konokono mwenye mguu uliofunikwa na magamba yenye madini ya chuma. Aligunduliwa 2001. Mwaka 2019 akaingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, wa kwanza kuingizwa humo kwa sababu ya tishio la uchimbaji wa vilindini. Wakati huo alijulikana kuishi katika chemchemi tatu tu duniani, na mbili kati ya hizo zimo ndani ya maeneo ambayo China na Ujerumani zina vibali vya kutafuta madini. Vibali vya kutafuta, siyo vya kuchimba. Lakini sisi wa Arusha tunajua mtafutaji wa madini hatafuti ili aridhike kwa kuyaona.

Au tuje nyumbani kabisa. Silikanti, yule samaki ambaye dunia iliamini alitoweka pamoja na madinosaria, mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938. Kuanzia 2003 wavuvi wetu wakaanza kumtoa majini, Kilwa kwanza, halafu Tanga wengi zaidi, wakiwa wametega jarife zao kwenye kina kirefu. Miaka yote hiyo alikuwa hapo hapo chini yetu. Mwaka 2009 serikali ikatenga hifadhi ya bahari Tanga kwa ajili yake. Na huyo anaishi mita mia na kitu au mia mbili na kitu tu! Sembuse wa mita elfu nne.

Ninachosema mimi ni kwamba Tanzania haina haki ya kukaa kimya katika jambo hili, kwa sababu sheria yenyewe ina mkono wetu. Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulipounda Tume ya Maandalizi ya kuanzisha chombo cha kusimamia sakafu ya bahari, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Joseph Sinde Warioba. Ndiyo, huyo huyo wa ripoti ya rushwa na Rasimu ya Katiba. Baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, na 2005 Mtanzania mwingine, James Kateka, akaingia mahakamani humo. Februari 2011, Kateka akiwa jaji huko, chemba ya sakafu ya bahari ya mahakama hiyo ilitoa maoni mazito: nchi inayodhamini kampuni ya kuchimba baharini ina wajibu wa kuisimamia na kuchukua tahadhari, na ikizembea inaweza kuwajibishwa kwa madhara. Nchi maskini haina msamaha wa pekee.

Chombo chenyewe, Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, kiko Kingston, Jamaika. Hadi leo hakijamaliza kuandika kanuni za uchimbaji. Mwaka 2021 kisiwa cha Nauru, chenye watu kama 12,000, kiliibana Mamlaka imalize kanuni ndani ya miaka miwili, kwa ajili ya kampuni ya Kikanada iitwayo The Metals Company. Miaka miwili ikapita, kanuni hazikuwa tayari. Aprili 2025 Rais Trump akasaini amri ya kuharakisha uchimbaji huo, na siku chache baadaye kampuni hiyo ikapeleka maombi Marekani, kwa kutumia sheria ya Marekani. Marekani haijauridhia Mkataba. Yaani jirani ambaye hakuhudhuria kikao cha ukoo anatoa hati ya shamba la ukoo.

Wanaotetea husema dunia inahitaji betri za magari ya umeme, na kwamba afadhali kuchimba kusikokaa watu kuliko Kolwezi ambako watoto wameingia mashimoni. Hoja hii siipuuzi, maana yanayotokea Kongo ni machungu. Ila nani amesema mashimo ya Kolwezi yatafungwa siku mashine ikishushwa Pasifiki? Na uhaba wenyewe uko wapi? Februari 2025 Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu ilikuwa imejaa sokoni hadi bei ikaanguka. Nikeli nayo Indonesia imeimwaga kwa wingi, kiasi kwamba 2024 BHP walisimamisha migodi yao ya nikeli Australia. Na betri za chuma na fosfeti, wanazotumia BYD kwa mfano, hazina nikeli wala kobalti hata chembe. BMW, Volvo, Google na Samsung SDI walisema tangu 2021 kwamba hawatanunua madini ya vilindini mpaka madhara yake yaeleweke.

Hapo hapo kuna maslahi yetu pia. Tuna nikeli ya Kabanga kule Ngara, ambayo serikali ina hisa asilimia 16 na tunaisubiri kwa hamu. Kila tani itakayotoka baharini itashindana nayo. Kikundi cha nchi za Afrika kilishalisema hili Kingston, kwamba mgawo unaopendekezwa kwa wenye urithi ni mdogo mno. Sawa, lakini mimi nisingependa tubishanie mgawo tu. Papua New Guinea ilinunua hisa katika mradi wa Nautilus. Kampuni ikafilisika 2019, nchi ikapoteza kama dola milioni 120 bila kuona hata gunia moja la shaba.

Nchi zaidi ya 35 zimeshaomba uchimbaji usitishwe au upigwe marufuku, zikiwemo Ufaransa, Brazil, Palau, na hata Ujerumani yenye kibali. Sisi tungejiunga nazo kesho. Hatudhamini kampuni yoyote huko, hatupotezi shilingi.

Wapo watakaocheka: mtu wa Meru na Pasifiki wapi na wapi? Nitawakumbusha kwamba 1951 wakoloni waliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 Engare Nanyuki, na 1952 Kirilo Japhet akaenda mpaka New York, Umoja wa Mataifa, kudai. Kura hazikutosha. Lakini alikwenda, na dunia ikasikia kwamba kuna watu chini ya mlima huu ambao ardhi yao iligawiwa bila wao kuulizwa.

Mamlaka hukutana Kingston kila mwaka. Mimi nataka kujua nani hukaa kwenye kiti chenye kibao cha Tanzania, na ametumwa akaseme nini. Barua ya kuuliza Wizara ya Mambo ya Nje nimeshaiandika, Jumatatu naipeleka posta. Kama kati yenu kuna mwenye ndugu au rafiki pale wizarani, amwambie iko njiani.