Kasi ya torenti Mwanza: Ruta yalaumiwa kwa kosa lisilo lake

USHAURI unaotolewa mara nyingi kwa mtu anayelalamika kuwa torenti zake zinakwenda taratibu ni mmoja: ingia katika mipangilio ya ruta, fungua poti. Ushauri huo ulizaliwa katika nchi ambako nyumba nyingi zina laini ya waya yenye anwani yake ya intaneti. Kwa kaya ya Nyamagana au Ilemela inayopata intaneti kwa laini ya simu iliyochomekwa ndani ya ruta, unaweza kufuatwa hatua kwa hatua na kasi isiongezeke hata kidogo.

Sababu imo katika mfumo wenyewe. BitTorrent, uliobuniwa na Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001, hauna ghala moja la mafaili. Faili hukatwa vipande, na kila anayepakua huwagawia wenzake vipande alivyokwisha kupata. Kwa kawaida ruta humkataa mgeni anayebisha hodi kutoka nje bila kuitwa. Kufungua poti ni kuiagiza impokee na kumpeleka kwenye kompyuta fulani ya nyumbani. Anayefikika hivyo hupata washirika wengi zaidi.

Lakini mgeni huyo sharti kwanza aifikie ruta. Anwani za mtindo wa zamani, IPv4, ziliisha katika hazina ya dunia Februari 2011, na AFRINIC, taasisi inayozigawa barani Afrika, imekuwa ikizitoa kwa kibaba tangu 2020. Ndiyo maana kampuni za simu huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Hodi ya mgeni huishia kwenye mitambo ya kampuni, mlango ambao mteja hana ufunguo wake.

Kipimo chake hakihitaji fundi wa kulipwa. Anwani ya upande wa nje inayoonekana katika ukurasa wa ruta ilinganishwe na ile inayosomwa na tovuti za kutambua anwani. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kufungua poti ni kupoteza jioni bure.

Hata hivyo, hasara hiyo isikuzwe kupita kiasi. Kompyuta iliyofungiwa bado inaweza kuwafuata yenyewe washirika walio wazi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino anayepakua mfumo wa Ubuntu, wenye washirika wengi duniani, huenda asihisi tofauti. Anayeumia ni mwenye kutafuta faili adimu lenye wagawaji wawili au watatu, ambao nao wamefungiwa kama yeye.

Njia ya kuzunguka kikwazo inayotajwa sana ni VPN. Kwa Tanzania ina masharti yake: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka wanaotumia VPN kuwasilisha taarifa za matumizi hayo.

Yako marekebisho ya ruta na programu yenye faida ya kweli. La kwanza ni kupunguza kasi ya kupakia. Torenti ikiachiwa ijaze njia ya kutoka, hata ujumbe mdogo wa kuthibitisha kuwa kipande kimefika hukwama kwenye foleni, na upakuaji nao hudorora. Kuweka ukomo wa takriban asilimia 80 ya kasi iliyopimwa ya kupakia huondoa msongamano huo. Ruta dogo pia huzidiwa na miunganisho mingi kwa wakati mmoja. Mia mbili zinatosha.

Kisha kuna mawe. Nyumba za Mabatini na Igogo zimepanda vilima, na mwamba kati ya nyumba na mnara hula mawimbi. Kuihamishia ruta kwenye dirisha linaloelekea mnara huweza kusaidia kuliko mipangilio yote iliyotajwa.

Jambo ambalo washauri hulisahau ni kifurushi. Faili la GB 4, kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, huchukua kama dakika 53. Mwenye programu iliyoachwa igawe kiasi kilekile ilichopokea ametumia GB 8, na ikiachwa usiku kucha huendelea kugawa. Kwa mwenye intaneti isiyo na ukomo huo ni ukarimu. Kwa mwenye kifurushi cha wiki, ni ada ya siku zilizobaki. Ni kweli kwamba wote wakiacha kugawa mfumo utakufa, ila mzigo huo haumwelemei kila mmoja sawasawa.

Kugawa huko kuna uzito mwingine. Anayepakua filamu yenye mwenyewe huwa papo hapo anaisambaza, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 zinamgusa.

Zipo pia siku ambazo ruta haina neno. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, intaneti ilidorora nchi nzima, aliyefungua poti na asiyefungua wakawa sawa.

Kinachokosekana kwa mnunuzi wa kawaida ni taarifa. Matangazo hutaja kasi na bei; nadra kueleza iwapo mteja atapata anwani yake au ya kuchangia, au kama IPv6, ambayo haina uhaba huo, imewashwa. Hayo ni maswali ya kuulizwa kaunta, kabla ya ruta kulipiwa.