Matapishi Hayatoi Nusu Kaputi

Jumapili iliyopita, hapa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mhubiri mmoja aliwaambia akina mama kwamba mtoto akitapika baada ya kupasuliwa wasihangaike: ni nusu kaputi, ile dawa ya usingizi, inayotoka, Mungu anamsafisha. Watu wakaitikia amina. Mimi nilinyamaza kwa hasira, maana maneno hayo yanawatesa watoto.

Nusu kaputi haikupitia kinywani. Iliingia kwa sindano, au kwa hewa aliyovutishwa mtoto, ikasambaa katika damu. Hutoka kwa pumzi, huvunjwa na ini, hupitia figo hadi kwenye mkojo. Tumboni inatafutwa nini? Mtoto hutapika kwa sababu dawa hizo, pamoja na zile kali za maumivu, zimechokoza ubongo. Hata atapike nyongo, usingizi haumtoki mapema.

Na kama kutapika ndiko kusafishwa, mbona wengi hawatapiki? Mwaka 2004 Leopold Eberhart na wenzake nchini Ujerumani walitaja mambo manne yanayoongeza hatari: umri wa miaka 3 na zaidi, upasuaji wa dakika 30 na zaidi, upasuaji wa makengeza, na historia ya mtoto mwenyewe, mzazi au ndugu yake kutapika baada ya upasuaji. Asiye na hata moja, hatari yake ilikuwa kama asilimia 9. Mwenye yote manne, 70. Basi hao wasiotapika wamebaki na sumu mwilini? Mhubiri atujibu.

Wengine husema, "Sisi tulitapika na tukapona." Hata aliyeanguka mtini alipona, hatuwasukumi watoto mitini.

Wapo pia wanaomfungisha mtoto tangu jana yake, eti tumbo tupu halitapiki. Linatapika! Utaratibu unaojulikana ni kuacha chakula saa 6 kabla, ziwa la mama saa 4, maji matupu saa 2. Tukumbuke pia, mgao wa chakula kwa wakimbizi Uganda umekatwa tena na tena tangu 2020. Halafu mtoto huyohuyo akaushwe usiku kucha, apandishwe gari la alfajiri kwenda Mbarara, apasuliwe, atapike, nasi tuseme amina?

Kinga ipo. Ondansetroni na deksamethasoni hutolewa mtoto akiwa bado amelala, na zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si anasa ya watoto wa matajiri.

Kwa hiyo mama, baba, kabla mtoto hajaingizwa chumba cha upasuaji, mwambie mtoa usingizi kama aliwahi kutapika baada ya upasuaji, kama wewe uliwahi, kama mtoto hutapika garini. Kisha uliza: "Mtampa nini asitapike?" Uliza mpaka ujibiwe. Na akiamka akatapika, mwite nesi. Amina iachie kanisani.