Sauti za nyota ziwafikie pia wahami

Juma lililopita, katika komini ya Katuba, nilimsikilizisha mama mmoja mhami sauti iliyo katika simu yangu. Mama huyo alikimbia Mitwaba na watoto wanne. Tulisikia kama kengele na nyuzi, zikipanda na kushuka. Nilipomwambia kwamba hizo ni nyota, alinyamaza, kisha akasema: «Kule kwetu tuliziona zote. Hapa mjini mtoto wangu mdogo hazijui.»

Sauti hiyo haikubuniwa tu. Tangu 2020, wataalamu wa darubini ya Chandra ya Marekani, pamoja na wanamuziki, wanageuza vipimo vya anga kuwa muziki. Picha ya katikati ya galaksi yetu inasomwa kutoka kushoto kwenda kulia: mwanga ulio juu unatoa sauti nyembamba, ulio chini unatoa sauti nzito, na unaong'aa zaidi unasikika kwa nguvu. Mwanga huo ulisafiri karibu miaka 26,000 kabla ya kutufikia.

Tusiseme haya ni mambo ya wazungu. Baluba walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga na michoro. Mjuzi alipitisha kidole juu yake, akasimulia habari za wafalme na safari zao. Kugeuza alama kuwa sauti, wazee wetu walikujua. Hata shaba tunayochimba hapa ilitengenezwa na nyota, kabla dunia haijakuwapo.

Kuna watakaosema mhami anahitaji unga, si nyota. Ni kweli, unga kwanza. Lakini dakika tano za redio hazipunguzi unga wa mtu. Sauti hizi zinapatikana bure kwenye intaneti, na redio ya betri inatosha hata umeme ukikatika. Mtoto aliyeacha masomo kwa sababu ya vita bado ana maswali.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Redio zetu za mtaa zitoe dakika tano kila juma, kwa Kiswahili chetu, na mwalimu wa kueleza. Na wasanii wa Picha, walioanzisha Biennale ya Lubumbashi mwaka 2008, wapeleke kazi za namna hii Katuba na Ruashi, zisibaki katikati ya mji.

Yule mama aliniomba nirudie sauti ile. Safari hii alimwita mtoto kwanza.