BREKI KWANZA, INJINI BAADAYE!

Nimeadimika, si mnajua tena mambo ya kubeba boksi huku Toronto. Leo nina la kusema, na atakayekasirika anisamehe.

Barua pepe zenu nimezisoma. Wengi mnataka niwatumie injini ya kufunga kwenye baiskeli. Hakuna hata mmoja aliyeuliza breki! Jamani, tangu lini mtu akatafuta mbio kabla hajajua atasimamaje?

Najua mtaniambia, "Babu aliendesha Phoenix miaka yote na breki zake za vyuma." Kweli, lakini babu alitumia miguu. Ukiongeza mwendo mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Hesabu hiyo haijali ushujaa wa mtu.

Huku Ontario sheria ya baiskeli za umeme inataka mota isizidi wati 500 na mwendo usizidi kilomita 32 kwa saa. Watu wakishajua hayo wanaridhika. Sheria hiyohiyo inasema ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, breki zikusimamishe ndani ya mita 9. Pigeni mstari wa chaki mahali pasipo na magari, mjaribu, halafu tuongee.

Anayetaka injini aanze na habu ya nyuma yenye matundu ya kufungia diski. Apime kwanza upana wa fremu: habu nyingi za diski ni milimita 135, na fremu nyingi za zamani ni nyembamba zaidi. Msizipanue kwa nyundo! Spoki nazo zisukwe kwa kupishana, maana nguvu ya breki inapitia humo.

Na nyie mafundi wa "itakaa tu", mnaofunga kibano cha diski kwa waya! Breki ikishika, kibano kinataka kuzunguka pamoja na gurudumu. Kikichomoka kinaingia kwenye spoki. Huo si ufundi, ni kumchimbia mteja kaburi. Fremu haina mahali pa kukifungia? Tafuteni nyingine.

Tena msidhani ya nyuma peke yake inatosha. Ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, ila ukiibana ghafla kwenye mchanga, au theluji kama huku, uko chini. Zote mbili zinahitajika.

Mpaka nione picha ya breki, injini sitamtumia mtu. Mniite bahili, poa tu.

Ni hayo kwa leo. Wasalimieni wote, na maoni ruksa!