Kuvuka Mpondwe Siyo Kukana

Ati ukivuka Mpondwe kuchungulia shamba lako Kasindi, umekana ukimbizi! Maneno hayo yamejaa Bwera mpaka Kasese. Siyo kweli, jamani. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu 1C, unataka mtu arudi chini ya ulinzi wa nchi yake kwa hiari. Vitu vitatu vionekane: hiari, nia, na ulinzi wenyewe upatikane kweli. Kung'oa mihogo siku mbili na kurudi mbio ni njaa, siyo nia. Na shamba tuliloacha kwa kukimbia risasi hatukumpa mtu. Wafanyakazi wa misaada, ulizeni kabla ya kuandika "amejiondoa". Na wewe ndugu, usitie dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa.