Kope Hazitoshi, Toa Kidole

Mama mjamzito asiridhike kuangaliwa kope tu. Weupe wa kope huonekana wazi damu ikiwa imekwisha kupungua sana. Tone moja la kidoleni hueleza mapema. Kipimo kikiwa chini ya gramu 11, damu imepungua. Chini ya gramu 7 ni hatari.

Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mwenye damu kidogo akitokwa damu wakati wa kujifungua hana akiba, na kutoka vijiji vya Manyoni au Iramba hadi hospitali ni mbali.

Baba, msindikize mama kliniki mapema. Mwulizeni mhudumu: “Damu ni gramu ngapi?” Msiondoke bila jibu.